Chromebox mezani: yasemwayo Lamu na yaliyo kweli

“Bila intaneti, hii ni sahani tu ya kuwekea kikombe.”
Chromebox ni kompyuta ndogo ya mezani inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google. Maneno hayo si kweli, mradi umejitayarisha. Mtandao ukiwapo, fungua Google Drive, bonyeza alama ya gia, ingia Mipangilio, uwashe matumizi ya nje ya mtandao. Tangu hapo barua na mahesabu utaandika hata bando likikata, na mtandao ukirudi yatapanda yenyewe. Wengi hukumbuka hatua hii wakati mtandao ushapotea. eCitizen na iTax, tovuti za huduma za serikali na za kodi, hazina ujanja. Hizo ni mtandaoni tu.

“Kurasa zinakwama, kwa hivyo mtandao ni mbovu.”
Mara nyingi tatizo ni ramu (RAM), kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi. Mashine yenye ramu ya GB 4 ukiifungulia vichupo (kurasa za kivinjari) ishirini, huanza kubana kumbukumbu, na ikizidiwa hutupa vichupo vya nyuma kimyakimya. Unarudi kwenye fomu uliyoijaza nusu, ukurasa unajipakia upya: bando limeliwa na ulichoandika hakipo. Kwa kibodi ya kawaida, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Esc, uone kila kichupo kinakula kiasi gani, kisha ukifunge kilicho mlafi.

Dawa ya kudumu ni kuongeza ramu. Chromebox nyingi hufunguka kwa chini: bandua vipira vinne, toa skurubu, ndani utakuta nafasi mbili. Za mwaka 2014 kwa kawaida hutaka ramu ya laptopu ya aina ya DDR3L, pini 204. Za baadaye DDR4, pini 260. Pengo la kadi ya ramu likikataa kukaa, usilazimishe, umenunua siyo. Na madhali ushafungua, pitisha brashi kavu kwenye feni. Upepo wetu una chumvi, na chumvi ikikutana na vumbi hugandana.

Ikiwa kweli ni mtandao, laumu ukuta. Kuta nene za matumbawe na chokaa humeza Wi-Fi, hasa ya GHz 5. Hamia GHz 2.4, au vuta waya. Tundu lake liko nyuma.

“Ya mtumba ikiwaka, basi ni nzima.”
Kabla hujatoa pesa, ingia Mipangilio, Kuhusu ChromeOS, Maelezo ya ziada, usome tarehe ya mwisho ya masasisho. Ahadi ya Google ya masasisho ya miaka 10 iliyotangazwa 2023 huhesabiwa tangu muundo wa mashine ulipotoka. Siku uliyonunua wewe haihusiani.

“Haichapishi.”
Hiyo ni habari ya Cloud Print, huduma ya Google ya kuchapisha kupitia mtandao, iliyofungwa mwisho wa 2020. Siku hizi chomeka printa kwa USB, uiongeze kwenye Mipangilio.

“Kwenye saiba, mteja akifunga dirisha mambo yamekwisha.”
Hapana. Nakala ya kitambulisho chake inabaki kwenye Vipakuliwa, na anayefuata anaiona. Mfungulie kama mgeni kuanzia skrini ya kuingilia. Akitoka, kila kitu kinafutwa. Mwambie mapema ajitumie faili lake kwa baruapepe au alitie kwenye flashi, maana halirudi.