Waajiri, fomu ya fildi sio ya kugonga muhuri tu

Msimu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, umeisha, fomu za waajiri za kumtathmini mwanafunzi zinarudi hapa ofisini chuoni na malalamiko yanarudi nazo. Mwajiri anapiga simu anasema mnatuletea vijana hawajui hata kushika spana, halafu ukifungua bahasha yake unakuta kampa kijana huyohuyo "vizuri sana" kuanzia juu mpaka chini, hadi kwenye usalama kazini. Sasa tumsikilize yupi, wa kwenye simu au wa kwenye fomu?

Anayejaza ni fundi au afisa aliyeshinda na mwanafunzi, sio HR aliyempokea siku ya kwanza. Logibuku, daftari ambalo mwanafunzi anaandika kazi alizofanya, inasainiwa kila wiki, sio zote siku ya mwisho kwa peni moja (tunaona jamani). Fomu iwe na jina, cheo, saini, tarehe na muhuri, iingie kwenye bahasha, igongwe muhuri tena pale inapobandikwa, na ikitufikia imefunguliwa hatuipokei, itabidi ijazwe nyingine. Ikigundulika saini ya kughushi matokeo ya fildi yanafutwa na mwanafunzi anaitwa kamati ya nidhamu, na kule hakuna cha "bosi alikuwa bize".

Kuna waajiri wanasema "sisi tunalipa SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), inatosha". Ni kweli mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea anatakiwa kulipa, na sehemu yake inaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Ila hiyo ni kodi, haituambii kama kijana anaweza kusoma mchoro wa umeme. Wanaoshiriki uanagenzi pacha wa VETA, ambao mwanafunzi anapokezana chuo na sehemu ya kazi, hawahitaji kuambiwa kwamba kulipa tu hakutoshi.

Halafu ukiandika "dhaifu" humfelishi mtu! Msimamizi wa chuo ana alama zake na ripoti ina zake. Tunachohitaji ni sentensi mbili za sababu, mfano "alifungua soketi bila kuzima swichi kubwa", hiyo mwalimu wa karakana anaifanyia kazi muhula unaofuata. "Ana bidii" tunaifanyia nini?

Kama fomu uliyotuma haikujazwa na aliyemsimamia kijana, andika barua yenye muhuri kabla kamati ya mitihani haijakaa, tutakupa nyingine, haina gharama.