Kizibo cha soda na tairi la Land Cruiser: dhana potofu kuhusu modeli za magari

Mtu mzima akionekana Mwanza ameshika gari la sentimita 20, anasugua bampa kwa msasa, swali la kwanza atakaloulizwa ni hilo gari la mtoto gani. Swali lenyewe halina ubaya. Lakini limebeba imani ambazo si za kweli, na baadhi ya imani hizo zinawazuia vijana wenye mikono mizuri wasianze kabisa. Nazichambua hapa kwa sababu naipenda kazi hii ya kutengeneza modeli, yaani magari madogo yanayofuata vipimo vya magari halisi, na kwa sababu watu wa kanda ya ziwa tuna karibu kila kinachohitajika kuifanya vizuri.

"Ni mchezo wa watoto"

Ni kweli kwamba magari madogo mengi yalianzia kwa watoto. Jack Odell, fundi wa kampuni ya Lesney ya Uingereza, alimtengenezea binti yake kijigari cha shaba cha kushindilia barabara, kwa kuwa shuleni waliruhusiwa kuleta tu kitu kinachoenea ndani ya kiberiti. Kutokana na kijigari hicho, magari madogo yaitwayo Matchbox, yaani kiberiti kwa Kiingereza, yalianza kuuzwa mwaka 1953.

Ila kuishia hapo ni kuacha nusu ya habari. Kati ya mwaka 1930 na 1968 General Motors ya Marekani, kupitia kitengo chake cha Fisher Body, iliendesha mashindano ya vijana ya kutengeneza modeli. Mwanzoni walitengeneza gari la farasi la kifalme, baadaye wakabuni magari yao wenyewe kwa kipimo cha 1:12, yaani madogo mara 12 kuliko gari halisi. Washindi walilipiwa masomo, na kadhaa kati yao waliishia kuwa wabunifu wa magari halisi. Mpaka leo, pamoja na kompyuta zote zilizopo, viwanda vya magari bado vinafinyanga umbo la gari jipya kwa udongo maalumu kabla ya kukata bati. Anayejua kulisoma umbo la gari kwa mkono ana ujuzi ambao watu wengine wanalipwa kwa ajili yake.

"Modeli ya kweli hutoka ng'ambo, ile ya waya ni ya kijijini"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kinacholifanya gari dogo liitwe modeli ni kipimo. Boksi lenye picha nzuri halihusiki, wala jina la kiwanda. Skeli ya 1:24 maana yake kila milimita 24 za gari halisi zimekuwa milimita moja. Basi. Chukua Toyota Hiace ya umbo la miaka ya 2000, ile iliyojaa kwenye njia zetu za daladala. Ile ndefu ya bodi nyembamba ina urefu wa mm 4,695, upana wa mm 1,695 na kimo cha mm 1,980. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni mm 2,570. Gawanya kwa 24: unapata urefu wa mm 196, upana wa mm 71, kimo cha mm 82 na nusu, na magurudumu yaliyoachana mm 107. Kwa 1:43 urefu unakuwa mm 109. Kwa 1:64, mm 73. Kijana wa Igoma anayekata kadibodi kwa namba hizo anatengeneza modeli. Gari la dukani lenye rangi ya kung'aa ambalo halifuati namba hizo ni kitu cha kuchezea tu.

Na yapo mengi ya dukani yasiyozifuata. Matchbox za zamani zilipimwa ili zienee kwenye boksi, ndiyo maana basi la ghorofa na gari dogo la familia vinaweza kukaribiana urefu. Hata skeli ya 1:43, ambayo wakusanyaji wengi wanaiheshimu, haikutokana na magari. Ilitoka kwenye treni za kuchezea za kipimo cha O, ambazo huko Uingereza futi moja ilifanywa milimita 7. Kampuni ya Meccano ya Frank Hornby, Liverpool, ilipoanza miaka ya 1930 kutengeneza magari ya kusindikiza treni zake, ndiyo yaliyokuja kuitwa Dinky Toys, kipimo hicho kikazoeleka.

Sasa turudi kwenye gari la waya. Kizibo cha soda kina upana wa mm 32. Tairi la 7.50R16, lile la Land Cruiser za shamba na za miradi, lina kipenyo cha takriban mm 805. Ukigawa unapata 25. Mtoto aliyefunga vizibo vinne kwenye Land Cruiser ya waya amefunga matairi ya skeli ya 1:25, ambayo ndiyo iliyotumiwa na viwanda vya Marekani kama AMT kwa seti zao za vipande vya kuunga mwenyewe. Kilichobaki ni bodi lake kupewa vipimo vinavyolingana na matairi hayo. Ningekuwa mwalimu wa hesabu ningeanzia hapo somo la uwiano.

"Plastiki ni plastiki, gundi ni gundi"

Hapa wengi wanapoteza vifaa. Seti za kiwandani, za Tamiya au Revell kwa mfano, kwa kawaida ni za polistireni, na gundi yake haigandishi tu: inayeyusha nyuso mbili za plastiki kidogo, kisha zinaungana zikawa kitu kimoja. Gundi hiyohiyo ukiipaka kwenye kipande cha dumu la mafuta, kitabanduka kesho yake, kwa sababu dumu ni polithini na haiyeyuki kwa gundi ile.

Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistireni, ichukue. Namba 2 na namba 5 achana nazo kwa kazi ya kuunga. Baadhi ya vikombe vya mtindi ni namba 6, vingine 5, hivyo usibahatishe. Maganda ya CD, yale magumu yanayoonyesha ndani, ni polistireni angavu, na yanatoa vioo vizuri vya gari. Siku hizi watu wanayatupa tu. Bomba la PVC nalo linafaa: lipasue, lilegeze kwenye maji yanayochemka, ulibane kati ya mbao mbili likae bapa. Usilichome kwa moto, moshi wake una asidi inayounguza mapafu.

Vioo usivigandishe kwa supaglue. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ya seremala inatosha, nayo ikikauka haionekani.

"Likiwa zito ndiyo bora"

Utawasikia wanunuzi wakilipima gari kwa kiganja na kusema, hili zito, hili la maana. Hesabu inakataa. Gari likipunguzwa mara 24 kwa urefu, linapungua pia mara 24 kwa upana na mara 24 kwa kimo. Uzito wake hugawanywa kwa 13,824. Gari la tani mbili, kwa skeli ya 1:24, lingekuwa na gramu 145 hivi. Kwa 1:43 lingebaki gramu 25. Magari mengi madogo ya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, yanazidi hapo kwa mbali, maana kuta zake ni nene kuliko bati lolote. Tazama unene wa ukingo wa dirisha na nguzo za paa. Hapo ndipo ubora unapojionyesha.

"Rangi ikikolea ndiyo inapendeza"

Rangi ya gari halisi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huohuo kwenye modeli ya 1:24, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya mm 2.4. Mstari wa mlango, ambao kwenye gari halisi ni nafasi ya mm 4 hivi, kwenye modeli haufiki mm 0.2. Rangi nzito inauziba. Ndiyo sababu tunapuliza mara nyingi, nyembamba nyembamba, kila tabaka likauke kwanza.

Mafundi wa rangi wa gereji ni walimu wazuri wa kupuliza, nenda ukawatazame. Thina yao lakini inayeyusha polistireni. Tanguliza praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, inayokubali plastiki, kisha tabaka la vumbivumbi tu kwa mbali, ndipo uendelee. Na rangi iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka gari halisi huonekana nzito mno kwenye kitu kidogo. Wengi huongeza nyeupe kidogo ili macho yaikubali.

Kando ya ziwa tuna shida moja ambayo vitabu vya wenzetu havina: wingu la wadudu wa ziwani. Huibuka majini kwa wingi karibu na mwezi mwandamo na hufuata taa. Ukipuliza rangi usiku wa namna hiyo dirisha likiwa wazi, utawakuta paa zima. Puliza asubuhi kabla upepo haujaanza kuvuma, ulifunike gari kwa beseni au boksi mara tu umalizapo. Vaa barakoa ya kupulizia rangi. Ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

"Kusanya, ukizeeka utauza uwe tajiri"

Mfano unaotajwa siku zote ni Beach Bomb ya Hot Wheels, Volkswagen ya waridi ya mwaka 1969 iliyobeba mbao za kuteleza juu ya mawimbi kupitia dirisha la nyuma. Thamani yake imetajwa kuwa zaidi ya dola 100,000. Ni kweli, lakini gari lile halikuwahi kufika dukani. Lilikuwa la majaribio, jembamba mno, halikupita vizuri kwenye mtambo wa kusukumia magari wa Mattel, kampuni yenye Hot Wheels, wakalitengeneza upya likiwa pana na mbao zikahamia ubavuni. Lina bei kwa kuwa ni machache sana. Yale uliyonunua wewe yametolewa kwa mamilioni.

Tena chuma chenyewe kinaweza kufa. Aloi ya zinki iliyochafuliwa na madini ya risasi wakati wa kumimina huoza kutoka ndani: kwanza inapasuka nyufa nyembamba, kisha inavimba, mwisho inamomonyoka. Dinky za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zimeathirika sana. Joto na unyevu huharakisha, na dawa hakuna. Mkusanyaji wa Capri Point au Kirumba aliye karibu na maji atumie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na avibadilishe. Kupaka rangi upya gari kuukuu pia hakuongezi bei. Mara nyingi huishusha. Kusanya unachokipenda.

Kuhusu kuyapanga dirishani ili yaonekane: jua linafanya plastiki angavu na stika kuwa za njano, na matairi laini yakikaa miaka yamegusa plastiki huweza kuila. Kabati la kivuli, vumbi kwa brashi laini.

"Macho yakichoka, hobi imeisha"

Si kweli. Lenzi ya kuvaa kichwani na taa nzuri vinatosha, na anayepata shida kuona vipande vya 1:43 anaweza kuhamia 1:24 au 1:18. Wapo wengi walioacha wakiwa vijana, wakalea, wakarudi wakiwa na wajukuu.

"Magari yetu hayana hadhi ya kutengenezewa modeli"

Ukitaka modeli ya gari la mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally), yaliyoanza mwaka 1953 na zamani yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, utapata la kuchagua. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973 imetengenezwa modeli mara nyingi. Lakini lori lililotoka Mwaloni Kirumba na shehena ya dagaa, turubai limefungwa kwa kamba za katani? Hiace ya Nyegezi yenye keria, maandishi ya kioo cha nyuma na mlango uliopakwa rangi tofauti baada ya kugongwa? Hakuna kiwanda kitakachoyatengeneza. Yakienda kwenye chuma chakavu yamekwenda na umbo lake, kazi ya fundi wa bodi na mkono wa mchoraji wa maandishi. Anayeweza kuyahifadhi kwa vipimo ni mtu wa hapa.

Mwombe dereva ruhusa ya kulipima gari akiwa kijiweni, si kwenye foleni ya abiria. Anza na umbali kati ya magurudumu, maana vipimo vingine vyote utavisahihisha kwa huo. Pima kipenyo cha tairi, kimo cha dirisha toka chini, urefu wa keria na idadi ya mabomba yake. Picha ya ubavu usiipigie karibu, gari litavimba katikati. Rudi nyuma hatua kumi na tano, simu iwe usawa wa kitasa cha mlango, kisha uivute picha kwa zoom. Piga pande nne, na paa ukipata pa kusimama. Kwenye daftari andika tarehe, njia ambayo gari linafanya kazi, na maneno yote yaliyoandikwa kwenye bodi kama yalivyo, hata kama herufi zimekosewa.