Deiwaka wa kiwanda kikubwa: hesabu ya ujira wako inaanzia wapi

Wengi wanaofanya vibarua viwandani wanaamini kwamba sheria ya kazi ni ya watu wenye mkataba, wanaolipwa benki na kuning'iniza kitambulisho shingoni. Deiwaka, yaani kibarua anayelipwa kwa siku, anayesimama getini alfajiri kusubiri supavaiza amnyooshee kidole, hujiona yuko nje ya sheria hiyo. Imani hii inawafaa sana baadhi ya waajiri, na hawana haraka ya kuisahihisha. Katika kazi yangu ya msaada wa kisheria ndiyo kauli ninayokutana nayo kuliko nyingine zote: "Mimi ni deiwaka tu, nina haki gani?"

Unazo. Nitazieleza kwa kufuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na viwango vyake.

Sheria mbili za msingi zilitungwa mwaka 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Ya kwanza inataja wanaolipwa kwa siku au kwa wiki kama wafanyakazi, basi. Kulipwa kwa siku ni utaratibu wa malipo, kama vile kulipwa kwa mwezi. Ya pili, katika kifungu cha 61, inaorodhesha dalili za kutambua nani ni mfanyakazi. Je, unapangiwa namna ya kufanya kazi? Saa zako zinapangwa na mwingine? Unatumia mashine na vifaa vyao? Unamfanyia kazi mtu mmoja tu, au unamtegemea yeye kwa riziki? Katika miezi mitatu iliyopita, umefanya kazi kwake kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi? Dalili moja tu ikiwepo, sheria inakuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Na saa 45 kwa mwezi ni chache mno. Anayeingia kiwandani siku sita tu kwa mwezi, zamu ya saa nane, ameshazipita.

Tukishakubaliana hapo, twende kwenye pesa. Hapa ndipo watu wanapoibiwa bila kujua, tena kwa hesabu inayoonekana halali.

Kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi huwekwa na Amri ya Mshahara. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliweka Sh150,000 kwa mwezi kwa biashara na viwanda, na Sh140,000 kwa kilimo. Amri mpya iliyotangazwa Oktoba 2025 imeanza kutumika 1 Januari 2026 na imepandisha viwango. Magazeti yaliandika kwamba wastani umetoka Sh275,060 kwenda Sh358,322, na nimeshawasikia vibarua wakidai hizo Sh358,322 kama haki ya kila mtu. Sivyo. Huo ni wastani wa sekta zote, zikiwemo zinazolipa vizuri zaidi kuliko viwanda na mashamba. Unachotakiwa kujua ni kiwango cha sekta yako, na Ofisi ya Kazi ya mkoa itakutajia bila malipo.

Nitatumia Sh150,000 za amri iliyopita kuonyesha njia ya hesabu. Wewe weka kiwango kipya cha sekta yako mahali pake. Ili kuupata ujira wa wiki, sheria inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333. Tunapata Sh34,618. Ukigawa kwa siku sita, siku moja ni Sh5,770. Ukigawa kwa saa 45, ambazo ndizo saa za kawaida za wiki, saa moja ni Sh769.

Sasa chukua kiwanda kinacholipa deiwaka Sh6,000 kwa zamu ya usiku. Mhasibu atakwambia kwa fahari kwamba wanalipa zaidi ya kima cha chini, maana 6,000 ni kubwa kuliko 5,770. Muulize zamu inaanza saa ngapi. Inaanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Toa saa moja ya mapumziko ambayo kisheria si lazima ilipwe, zinabaki saa 11 za kazi kila usiku, yaani saa 66 kwa wiki. Saa 45 ni za kawaida, 21 ni za ziada. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: Sh1,154. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Kwa mfano wetu, ukitoa ile saa ya mapumziko, ni saa tisa kila usiku, 54 kwa wiki.

Jumlisha. Saa za kawaida Sh34,618. Saa za ziada Sh24,233. Nyongeza ya usiku, hata bila kuipigia kwa kiwango cha saa za ziada kama sheria inavyotaka, ni kama Sh2,077. Jumla ni karibu Sh60,900 kwa wiki, zaidi ya Sh10,000 kwa usiku mmoja. Kiwanda kimelipa Sh36,000. Kila wiki deiwaka huyu anaacha pale kiwandani karibu Sh25,000 zake, na bado anashukuru kwamba jina lake liliitwa.

Na hapo sijagusa kosa la pili. Saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na ziwe kwa makubaliano. Mtu wetu anafanya 84. Kampuni nyingine hujitetea kwamba zina utaratibu wa wiki iliyofupishwa, unaoruhusu kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko yakiwemo, bila malipo ya ziada. Utaratibu huo upo kweli kisheria. Lakini unahitaji makubaliano ya maandishi, hauruhusu zaidi ya siku tano za kazi kwa wiki, na saa za kawaida hazivuki 45. Siku sita za zamu ya saa 12 haziingii humo kwa namna yoyote. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya umma, malipo ni mara mbili.

Makato nayo. Chupa zimepasuka kwenye mstari wa uzalishaji, na jioni kila kibarua anakatwa elfu moja "ya hasara". Sheria inaruhusu kukata kwa ajili ya hasara pale tu mfanyakazi mwenyewe alipokuwa na kosa, akaandikiwa chanzo na kiasi cha deni, akapewa nafasi ya kupinga. Makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Kuwakata wote kwa kosa lisilojulikana la nani ni kinyume cha sheria, hata kama mliitana kwenye kikao na mkanyamaza.

Kuna ujanja mwingine ulio mgumu zaidi kuukamata. Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita analindwa dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Mwenye chini ya hapo hana ulinzi huo. Kwa hiyo utaona watu "wanapumzishwa" wakifika mwezi wao wa tano kazini, wiki mbili tatu, kisha wanaitwa tena kama wapya. Nasema wazi kwamba hili ni pengo, na kampuni kubwa zenye wanasheria wake zinalijua vizuri kuliko vibarua. Lakini pengo halina upana zinaodhani. Upande wa likizo, sheria inasema aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Wafanyakazi wa msimu nao wametajwa kwa jina, kwa hiyo wakata miwa wa Kilombero na wanaochambua tumbaku Morogoro wasidhani kwamba likizo haiwahusu. Na hata aliye chini ya miezi sita anastahili notisi: siku saba ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku nne kwa anayelipwa kwa siku au wiki. Kuambiwa asubuhi getini "leo hatuna kazi na usirudi" bila notisi wala malipo yake ni deni.

Kampuni kubwa siku hizi huweka mtu katikati. Kibarua anafanya kazi ndani ya uzio wa kampuni, anavaa ovaroli yenye nembo yake, anafokewa na supavaiza wake, lakini analipwa na wakala ambaye ofisi yake haijui. Akidai, kampuni inasema si wetu. Akienda kwa wakala, simu haipatikani. Malalamiko ya namna hii ndiyo yaliyofanya Serikali itoe kanuni za mawakala binafsi wa ajira mwaka 2014. Ushauri wangu kwa kibarua ni mfupi: unapofungua mgogoro, wataje wote wawili. Nani hasa alikuwa mwajiri wako litaamuliwa kwa ushahidi wa nani alikupangia kazi, si kwa nani alikutumia hela kwenye simu. Kwa kampuni nina neno lisilo la kisheria. Ukimpa wakala zabuni kwa bei ambayo, ukigawa kwa idadi ya watu na saa, haitoshi hata kima cha chini, unajua pengo hilo litazibwa na nani.

Suala hili si geni pwani yetu. Waliolipwa kwa siku bandarini ndio walioongoza migomo mikubwa ya mwisho wa ukoloni: Mombasa Januari 1947, Dar es Salaam Septemba 1947, Zanzibar 1948. Dar es Salaam walianza makuli wa bandarini, na mgomo ukafuata reli hadi ndani ya bara. Madai yao yalikuwa ujira usiolingana na gharama za mji na kutojua kama kesho kuna kazi. Leo deiwaka hahitaji kuanza na mgomo, kwa sababu kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kupeleka mgogoro huko hakulipiwi.

Kinachowaangusha wengi CMA ni tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ujira pungufu au saa za ziada, ndani ya siku 60. Ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda na kueleza sababu, na "nilikuwa nasubiri wanipigie" si sababu inayopokelewa kirahisi. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala, na unaonyesha kwamba ameipata. Walinzi wa getini mara nyingi hukataa kusaini kupokea. Usigombane nao, nenda na shahidi, au waulize maofisa wa Tume njia nyingine ya kuifikisha.

"Lakini sina mkataba wa maandishi." Hilo mara nyingi ni tatizo la mwajiri. Ni yeye anayetakiwa na sheria kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na maelezo ya kila malipo pia. Akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Hata hivyo usiende mikono mitupu. Nunua daftari la kurasa chache, kila siku andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la supavaiza na ulicholipwa. Usifute ujumbe wa malipo ya simu. Kama zamu hupangwa kwenye kundi la WhatsApp, hifadhi picha za orodha. Karatasi ya geti iliyochakaa imewahi kuwa na maana kuliko mashahidi watatu wanaoogopa kupoteza kazi.

Ukiumia kazini, usikubali kupelekwa duka la dawa na kupewa elfu ishirini ya pole. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, haubagui kibarua. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara yote anayolipa, na hakuna hata senti inayotakiwa kukatwa kwako. Ajali itolewe taarifa, matibabu yalipiwe, na ukibaki na ulemavu kuna fidia. Kama mwajiri hakukusajili, hilo ni kosa lake, halikufutii haki.

Jambo la mwisho linahusu siku ya usuluhishi yenyewe. Msuluhishi wa CMA ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, na kampuni nyingi hufika na bahasha tayari. Kiasi kilichomo kinaweza kuwa cha haki, au kikawa theluthi ya unachodai. Nenda ukiwa umeshapiga hesabu yako ya saa, kwenye karatasi, ukaipitie na mtu anayejua: afisa wa chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria. Ukisaini makubaliano mbele ya msuluhishi, yanakubana wewe kama yanavyombana mwajiri, na kuyafungua tena kwa sababu ulikuja kugundua baadaye kwamba zamu za usiku hazikuhesabiwa ni kazi ngumu sana. Kama hujaelewa kilichoandikwa, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kalamu kugusa karatasi. Hakuna atakayekufukuza chumbani kwa kuomba hivyo.