Shahada ya uchumi inakupeleka wapi?

Wanafunzi wapya huniuliza kama uchumi na uhasibu ni kitu kimoja. Nawaambia mapema, wasije wakajuta mwaka wa pili. Mhasibu hurekodi na kukagua fedha za taasisi. Mchumi huchunguza kwa nini watu huamua wanavyoamua, na nini kitatokea sharti moja likibadilika. Ukitaka kufunga hesabu za kampuni, ipo kozi inayokufaa zaidi.

Kwa mtazamo wangu, shahada nzima imejengwa juu ya swali fupi: ukilinganisha na nini? Mfano ninaoupenda kuufundisha ni huu. Tarehe 1 Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa. Somo la mwaka wa kwanza linasema waajiri watapunguza watu. Wachumi David Card na Alan Krueger waliamua kwenda kuhesabu. Walikusanya takwimu za migahawa 410 ya vyakula vya haraka, kabla na baada ya ongezeko, ndani ya New Jersey na ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Pennsylvania, ambako kima hakikuguswa. Huko Pennsylvania ndiko walikopata makadirio ya jinsi mambo yangekuwa bila ongezeko hilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: hawakuona dalili kwamba ajira ilipungua New Jersey. Wachumi wengine, David Neumark na William Wascher, wakarudia kazi hiyo kwa kumbukumbu za malipo ya mishahara, wakapata jibu tofauti. Ubishi ungalipo mpaka leo, na ni ubishi wenye afya. Card alipewa Nobeli mwaka 2021 kwa tafiti zake za soko la ajira. Krueger alikuwa ameshafariki, mwaka 2019.

Mwanafunzi anayeweza kunieleza kwa nini walichagua Pennsylvania wakaacha Texas, hata kama nadharia nyingine zimemponyoka, huyo sina wasiwasi naye.

Maana swali hilohilo ndilo analolipwa baadaye kulijibu. Wizara ya fedha inataka kujua kodi ya bidhaa fulani ikikatwa, mapato yatashuka kiasi gani, na wanunuzi watafaidika au nafuu yote itamezwa na wauzaji. Benki kuu inapima riba ikipanda, mfumuko wa bei utachukua muda gani kutulia. Benki za biashara na kampuni za bima zinahitaji watu wa kupima hatari. Mashirika ya maendeleo huajiri wanaojua kuendesha majaribio ya nasibu, yaani kuchagua kwa bahati nasibu nani apate msaada na nani asipate, kisha kuwalinganisha, njia iliyowapa wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer Nobeli ya mwaka 2019. Hata kampuni za teknolojia zimo: Hal Varian, profesa wa uchumi, alikwenda Google akashughulikia mnada wa matangazo.

Sasa hesabu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu waliingia wakidhani uchumi ni somo la maelezo tu. Usizikwepe. Kalkulasi, matriki na takwimu zishike vizuri miaka ya mwanzo, kisha ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu kupima maswali ya uchumi, itakuwa rahisi kuielewa. Jifunze pia programu moja ya kuchambua data, R, Stata au Python, mpaka uweze kusafisha faili lenye makosa bila kushikwa mkono. Kazini utapokea faili ambalo umri wa mtu umeandikwa 230 na safu ya mishahara ina mapengo, na uamuzi wa kufuta, kusahihisha au kuuliza utakuwa wako.

Uandishi nao unadharauliwa mno. Waziri au mkurugenzi hatasoma jedwali lako la kurasa kumi. Atasoma ukurasa mmoja. Kila wiki chukua makala moja ya utafiti na uifupishe kwa aya tatu ambazo ndugu yako asiyesoma uchumi ataelewa.

Kwa shahada ya kwanza, mara nyingi utaanza kama mchambuzi au ofisa msaidizi. Idara za utafiti za benki kuu na mashirika ya kimataifa kwa kawaida hudai uzamili au uzamivu. Kama unaulenga uzamivu, ongeza somo la hisabati lenye kuthibitisha nadharia ungali kwenye shahada ya kwanza, kwani mwaka wa kwanza wa uzamivu umejaa uthibitisho kuliko habari za uchumi unazozisoma magazetini.