Tafsiri ya mashine na tafsiri ya hakimu

Kwenye korido ya mahakama, mama mmoja alimuuliza wakili wake: "Mwanangu, ni kweli siku hizi kesi zinatafsiriwa na mashine?" Akajibiwa, "Ndiyo mama, ni akili mnemba inayotafsiri." Mama alinyamaza, uso ukamshuka. Alichoelewa ni kwamba mashine ndiyo itakayoamua sheria inasemaje juu ya kiwanja chake. Si mara ya kwanza kuyasikia haya, na inaniuma.

Mfumo ambao Mahakama ya Tanzania imeanza kuutumia ni wa unukuzi na tafsiri. Unasikiliza yanayosemwa, unayaandika, unayageuza kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza au kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Basi. Ni kazi ambayo mahakimu wetu waliifanya kwa mkono miaka nenda miaka rudi: shahidi anasema Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza, shauri linakwenda kwa mwendo wa kalamu.

Mkanganyiko umo kwenye neno. *Tafsiri* limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni kufafanua, kufunua maana. Kugeuza lugha Waarabu hukuita *tarjama*, na sisi tunayo *tarjuma*, ingawa tumeiweka kabatini. Maana ile ya kwanza haijafa. Nenda kwenye darsa la tafsiri mwezi wa Ramadhani: sheikh anasoma aya moja, na muda wote wa darsa unaweza kuishia kwenye aya hiyo. Wanasheria nao wameibakiza. Sura ya 1 ya sheria zetu inaitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na kazi yake kubwa ni kueleza maneno ya sheria yasomwe vipi. (Ndiyo hiyohiyo iliyorekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, kwa hiyo ugomvi wa maana hizi mbili, kufafanua na kugeuza lugha, umo humohumo.)

Chukua neno *shall* la sheria za Kiingereza. Mashine itaandika "lazima", na itakuwa imepatia. Kifungu cha 53 cha Sheria hiyo ya Tafsiri kinasema hivyohivyo. Lakini Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba katika mwenendo wa makosa ya jinai neno hilo halibebi ulazima kila mahali. Hapo hakuna lugha iliyogeuzwa. Hiyo ndiyo tafsiri ya jaji: anaitolea sababu, anaiwekea sahihi.

Wafasiri wana haki ya kuiita kazi yao tafsiri, siwanyang'anyi. Ila, mawakili wasomi wenzangu, mteja akiwauliza, semeni mfumo unaandika na kugeuza lugha. Yule mama angeambiwa hivi: mashine itaandika ulichosema, mama, na nakala yako tutaisoma pamoja, maana ikikosea jina la jirani uliyepakana naye tutaomba lisahihishwe. Sheria ataisoma hakimu.