Ada Umeshalipa, Bando la Nini? Yanayosemwa Kuhusu Maktaba ya Chuo na Ukweli Wake

Wiki moja kabla ya mitihani, saa mbili kamili asubuhi, mlango wa maktaba ukifunguliwa watu huingia kwa kusukumana kama wanaogombea daladala ya Mbagala. Wanawahi meza zilizo karibu na soketi. Aliyewahi huweka chupa ya maji kwenye kiti kimoja, koti kwenye cha pili kwa ajili ya rafiki yake, anachomeka chaja, anatoa desa (notisi za kupokezana) alilotolea kopi steshenari, na hapo ndipo alipo mpaka saa kumi jioni. Akiondoka hajagusa rafu hata moja.

Nimekaa kaunta za maktaba za vyuo miaka ya kutosha, na simlaumu. Umeme na ukimya navyo ni huduma, hosteli zetu tunazijua. Ila ada aliyolipa imenunua mengi kuliko kiti, na mengi kati ya hayo yanalala tu kwa sababu ya maneno wanayopeana koridoni.

"Kitabu kimeibiwa"

Hili nalisikia kila wiki. "Shikamoo madam. Kompyuta inasema kipo, nimeenda hakipo. Kimeibiwa." Tukiongozana mpaka rafuni, mara nyingi tunakikuta hatua mbili kutoka pale alipokuwa amesimama. Kosa ni namna anavyosoma namba ya mgongoni.

Chukua mpangilio wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao ndio unaotumika kwenye maktaba za umma za mikoa na vyuo vingi vidogo. Lugha ya Kiswahili humo ni 496.392. Anayeisoma kama anayehesabu noti ataona 392 ni kubwa kuliko 5, basi atakwenda kukitafuta baada ya 496.5, na atazunguka huko mpaka achoke. Baada ya nukta ni desimali. 496.392 inatangulia 496.4, kama vile kitambaa cha mita 1.392 kilivyo kifupi kuliko cha mita 1.4.

Vyuo vikuu kadhaa vinafuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi. Kiswahili kiko kwenye PL 8701 hadi 8704, na hapo kuna mtego mwingine. Ile 8702 inasomwa kama namba nzima, lakini herufi na tarakimu zinazofuata chini yake, tuseme .M45 na .M5, zinasomwa kwa desimali: M45 kwanza, ndipo M5. Nimeshamwona mhadhiri wa hisabati, hisabati jamani, akikodolea macho rafu moja dakika ishirini kwa sababu hiyo hiyo. Nilipomwonyesha alicheka mpaka tukageukiwa.

Kwa hiyo usiandike jina la kitabu kiganjani na kuondoka. Piga picha namba yote jinsi katalogi ilivyoionyesha, hadi herufi ya mwisho. Na ukikipata, tazama majirani zake wa kushoto na kulia. Vimewekwa pamoja kwa sababu vinazungumzia jambo moja.

"Makala za maana zote ni za kulipia"

Huyu ametafuta makala usiku kucha, ameipata, amebonyeza, akaambiwa alipe dola 30 au 40. Kuanzia hapo ama anaomba kwenye kundi la WhatsApp, ama anasoma ile ikisiri, muhtasari wa mwanzo, peke yake na kuinukuu kana kwamba kasoma yote. (Msimamizi wa tasnifu hujua. Wanajua zaidi ya mnavyodhani.)

Wakati huohuo, makala ileile inawezekana iko wazi kwake tangu siku aliyosajiliwa. Ipo mipango mitano chini ya mwavuli wa Research4Life: Hinari ya afya, iliyoanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Wachapishaji wakubwa wa dunia hufungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vyao vya kielektroniki kwa bure au kwa bei ndogo, na Tanzania imo katika kundi linalopata bure. Sharti ni kwamba inayosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, na nywila inakaa maktaba. Chuo cha uuguzi cha wilayani chenye rafu sita za vitabu vya zamani kinaweza kuwa na Hinari nzima kwenye kompyuta yake moja. Nimeona chuo cha namna hiyo, na nimeona wanafunzi wake wakimaliza miaka mitatu bila kuisikia.

Mbali na mipango hiyo, maktaba za vyuo hujiunga pamoja kulipia majarida. Tanzania umoja huo unaitwa COTUL, Kenya ni KLISC. Ni kama kuchangia ng'ombe: chuo kimoja hakimwezi, wengi wanagawana.

Kinachowachanganya watu zaidi ni geto, chumba cha kupanga nje ya chuo. Ukiwa chuoni, tovuti ya jarida inautambua mtandao wa chuo na kukufungulia bila kuuliza neno. Ukirudi geto ukatumia bando lako, haikujui, inakudai dola. Basi watu huamua kwamba "huduma imekatwa". Haijakatwa. Njoo kaunta uulize namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo. Vyuo vingi vina ukurasa wa kuingilia au nywila maalumu. Na kama chuo chako kina eduroam, akaunti hiyohiyo itakupa intaneti ukitembelea chuo kingine chenye huduma hiyo, hata cha nchi jirani.

"AI imeshanitafutia marejeo"

Siku moja kijana alinikabidhi karatasi yenye marejeo matatu, yamepangwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi. La kwanza: jarida lipo, mwaka upo, juzuu lipo. Nikafungua ukurasa uliotajwa, nikakuta makala ya watu wengine kabisa kuhusu ugonjwa wa mihogo. La pili: mwandishi ni mtu wa kweli, ila makala hiyo hajawahi kuiandika. La tatu halikuwa na kitu chochote nyuma yake. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyapoteza.

Programu hizi zinajua marejeo yanafananaje, na hilo halina maana kwamba zimeyaona. Kukusaidia kupata maneno ya kutafutia, sawa. Lakini rejeo ambalo hujalifungua mwenyewe usiliweke kwenye tasnifu.

Nikiwa hapo hapo: asilimia ya Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, si asilimia ya wizi. Inahesabu maneno yanayofanana na ya kwingine, hata nukuu uliyoifungia alama na kuitajia chanzo, hata orodha ya marejeo kama haikuondolewa kwenye hesabu. Asilimia 20 inaweza kuwa safi, na asilimia 6 ikawa aya moja iliyoibwa neno kwa neno. Lazima mtu aisome ripoti.

"Maktaba ya chuo ni ya wanachuo tu"

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 ikiwa na nafasi ya vitabu 800,000, watu wengi wa mjini wanaijua kwa picha za nje. Mtafiti anayetoka mbali hafuati jengo. Anafuata mkusanyiko wa East Africana, wa maandishi yanayohusu Afrika Mashariki, na hati za Kiswahili, nyingi zikiwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Morogoro nako, maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Afisa ugani wa Kilosa ana haki ya kuulizia huko, na walioandika tasnifu nzuri kuhusu mahindi yake wamo humo.

Msomaji wa nje kwa kawaida huja na kitambulisho na barua ya utambulisho, na pengine hulipa ada kidogo. Kuazima na kwenda nacho nyumbani ni suala jingine, hapo usitegemee sana.

"Nikilipa faini, kitabu ni changu"

Hapana. Na klirensi, ule uthibitisho kwamba hudaiwi kitu chuoni, utaikuta inakusubiri. Nimempokea mtu mzima, mwenye kazi na watoto, aliyefuata cheti chake akazuiwa kwa kitabu kimoja cha takwimu. Kitabu kilikuwa kwa mama mkwe, Singida.

"Kurudisha kitabu rafuni ni ustaarabu"

Ni ustaarabu unaotuumiza. Tukiandika "acha kitabu mezani" si kwa sababu tunapenda kuokota. Kitabu kilichoachwa mezani kinahesabiwa kwamba kimetumika, na hesabu hiyo ndiyo tunayokwenda nayo kuomba fedha za kununua nakala nyingine. Ukikirudisha mwenyewe, kwetu ni kama hakijasomwa. Ukikikosea nafasi, ndicho hicho kesho mwenzako atasema kimeibiwa.

Wapo pia wanaokosea kwa makusudi. Likizo ndefu iliyopita, tukihesabu vitabu, tulikuta kitabu cha uhasibu, nakala pekee, kimesukumwa nyuma ya diwani za mashairi. Ndani kulikuwa na kikaratasi: "Tafadhali usikihamishe, nakuja kukimalizia kesho." Vumbi lilikuwa la miezi.