Doa Linalochachamaa Juani: Maswali na Majibu Kuhusu Lupasi ya Ngozi

Nina doa shavuni, miezi minane sasa. Napaka dawa ya choa, linatulia, kisha linarudi. Ni nini?

Choa kikipakwa dawa yake sawasawa huisha ndani ya wiki chache. Doa la miezi, tena linalochachamaa kila ukishinda juani, si la kuendelea kubahatisha nalo dukani. Huenda ni lupasi ya ngozi: kinga ya mwili inaishambulia ngozi yako mwenyewe, na jua ndilo linaloichokoza. Haiambukizi, na hujarogwa.

Daktari ataijuaje?

Kwanza kwa macho. Kwenye ngozi nyeusi, ukingo wa doa huwa mweusi zaidi, katikati pamepauka, na juu kuna gamba lililong'ang'ania. Likibanduliwa, upande wa chini huonekana vichomozo kama misumari midogo, maana gamba lilizama kwenye vitundu vya vinyweleo. Daktari mzoefu atakugeuza na sikio: lile bonde la karibu na tundu mara nyingi lina madoa ambayo mgonjwa hajawahi kuyaona. Atapima pia kama doa lina hisia, kwa sababu baka la ukoma huwa limekufa ganzi. Kifua kikuu cha ngozi nacho huweza kufanana na lupasi.

Ndiyo maana mara nyingi hukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kwenda kupimwa. Maneno yanatisha kuliko kazi yenyewe: sindano ya ganzi, kijichuma cha mviringo chenye upana wa milimita 4 hivi, nyuzi moja au mbili, basi. Utapimwa damu na mkojo pia. Wengi hubaki na madoa tu, lakini kwa wachache ugonjwa huingia ndani hadi kwenye figo. Viungo vikiuma, miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu, usingoje tarehe ya kliniki.

Nauza samaki sokoni. Jua nitalikimbia vipi?

Hutalikimbia, utalipunguza. Kapelo haifuniki masikio; tafuta kofia ya pama yenye ukingo mpana, na nguo ya mikono mirefu. Ukiweza, kazi za juani zimalize kabla ya saa 4 asubuhi. Mionzi hupenya mawingu, na mingine hupita hata kioo cha daladala. Losheni ya kukinga jua iwe na SPF (kipimo cha nguvu yake ya kukinga) 30 au zaidi, na ipakwe upya kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Weusi wa ngozi haumtoshi mwenye lupasi, hata kama jirani atakuambia losheni ni ya Wazungu.

Bei ndiyo kikwazo, sibishi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo losheni nzuri inawezekana kutengenezwa hapahapa kwetu. Wagonjwa wa lupasi nao wangefaa kukumbukwa.

Nimeambiwa ninywe haidroksiklorokwini. Si dawa ya malaria hiyo?

Ilianzia huko, lakini pia hutuliza kinga iliyochachamaa. Kipimo hufuata uzito: kwa kawaida kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Haina haraka, ipe wiki 6 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa. Ikinywewa miaka mingi huweza kudhuru jicho, kwa hiyo macho yapimwe mwanzoni na yaendelee kufuatiliwa. Ukivuta sigara, ugonjwa huwa mkaidi zaidi na dawa huelekea kufanya kazi kidogo. Ukishika mimba usiiache kwa hofu. Mara nyingi madaktari hushauri iendelee. Muulize wako.

Pamoja na vidonge, utapewa krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na kinga) ya kupaka kwenye doa tu, kwa muda uliopangwa. Usichanganye na mkorogo kutafuta rangi moja. Mkorogo mwingi una steroidi isiyopimwa, mwingine zebaki, na ngozi itakonda huku ugonjwa ukiendelea chini yake.

Nywele zilizonyonyoka kwenye doa la kichwani zitarudi?

Palipokwisha kuwa kovu, hapana. Pasipo kovu bado, huweza kuota tena dawa ikiwahi, na hapo ndipo ile miezi ya kujaribu krimu za choa inapouma. Makovu ya zamani yaliyopauka nayo yakague: kidonda kisichopona juu yake kionwe mapema, kwani saratani ya ngozi huweza kuanzia hapo.